Niliyojifunza Nikisoma Toronto Bila Kuona

Watu wakisikia kwamba nimesoma chuo kikuu ilhali sioni, jambo la kwanza wanalonisifia ni moyo. Nawashukuru, maana najua wananitakia heri. Ila nimeishi na upofu tangu utoto wangu Mombasa, nikasoma bweni Thika, nikaja kuendelea na masomo Toronto, na sikumbuki mahali ambapo moyo peke yake ulinivusha. Nilivushwa na vitu vinavyotajika: kitabu kilichofika kwa wakati, kesi iliyopiganwa na mtu nisiyemfahamu, fimbo yenye ncha inayofaa, mwalimu aliyekubali kueleza mchoro kwa maneno. Nayaandika haya kwa ajili ya kijana asiyeona anayetamani kusoma mbali, na kwa mzazi wake anayekesha akiwaza itakuwaje.

1. Kitabu kikichelewa, moyo haufui dafu

Shule ya Wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Vitabu vya nukta nundu vilikuwa vichache na vinene. Kitabu kimoja cha kiada kiligawanywa juzuu kadhaa, na mwenzako akiwa na juzuu ya pili, wewe uliyemaliza ya kwanza unakaa ukimngoja. Kungoja tulikuzoea tukakuona ni sehemu ya masomo.

Toronto kungoja kuna sura nyingine. Mhadhiri anaweka makala kwenye mtandao wa kozi jioni, na wenzangu wanaanza kusoma usiku huohuo. Mimi naifungua, na programu ya kusoma skrini inanyamaza kimya. Kurasa zimepigwa picha tu. Kwa mwenye macho ni maandishi. Kwa kompyuta ni picha ya karatasi, isiyo na herufi hata moja ya kutamka. Kuigeuza iwe maandishi kunahitaji mashine, na baada ya mashine anahitajika mtu wa kupitia, kwa sababu ukurasa wenye safu mbili unaweza kusomwa moja kwa moja kutoka kushoto hadi kulia, nusu ya sentensi hii ikaungwa na nusu ya sentensi ile, na tanbihi ikajipenyeza katikati ya hoja. Kuna muhula ambao vitabu vya somo moja vilinifikia wenzangu wakiwa wameshatoka kwenye mtihani wa katikati.

Utaratibu ulionisaidia ni huu. Orodha ya kozi ikitoka tu, miezi mitatu minne kabla ya kuanza, namwandikia kila mhadhiri kumwomba majina ya vitabu. Nayapeleka kwa ofisi ya chuo inayowahudumia wanafunzi wenye ulemavu, na kitabu kigumu kupatikana namwandikia mchapishaji mwenyewe. Barua inakuwa fupi: jina la kitabu, toleo, tarehe ninayokihitaji, aina ya faili inayonifaa. Simwelezi mtu historia ya macho yangu. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia mbili hana nafasi ya kusoma maisha yangu, lakini tarehe anaielewa.

Na hapa kuna habari ambayo ningependa kila mkutubi wa Afrika Mashariki aijue. Tarehe 27 Juni 2013, mjini Marrakesh, nchi zilikubaliana mkataba unaoruhusu kitabu kigeuzwe kuwa nukta nundu, sauti au faili linalosomeka kwa ajili ya wasioona, bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, kisha kivushwe mpaka kwenda nchi nyingine iliyojiunga. Mkataba ulisubiri nchi 20 ili uanze kazi. Kanada ilikuwa ya 20, Juni 2016, na Septemba 30 mwaka huohuo ukaanza kutumika. Kenya, Uganda na Tanzania zilijiunga baadaye. Maana yake ni kwamba kitabu kilichokwisha kutayarishwa Toronto kinaweza kumfikia mwanafunzi wa Morogoro bila mtu kuanza kukichapa upya. Kinachotakiwa ni maktaba ya kwao kuomba. Mwanafunzi, muulize mkutubi wako kama maktaba yenu imeshaanza kuomba vitabu kwa njia hii. Akisema hajui, mpe jina la mkataba, kisha rudi wiki ijayo umuulize tena.

2. Mlango unaopita kuna aliyeufungua

Ndani ya treni ya chini ya ardhi ya Toronto, sauti inatangaza kila kituo kabla ya kufika: Spadina, Bathurst. Abiria wengi hawaisikii tena. Mimi nashuka kwa hiyo.

Sauti hiyo haikuletwa na ukarimu. David Lepofsky, mwanasheria asiyeona wa hapahapa Toronto, alilishitaki shirika la usafiri la jiji, TTC, mbele ya Baraza la Haki za Binadamu la Ontario, akitaka vituo vitangazwe kila mara na kwa uhakika. Mwaka 2005 akashinda kuhusu treni. Mabasi na tramu yakabaki vilevile, akarudi tena, na mwaka 2007 akashinda na huko. Leo mgeni mwenye macho yake mawili, asiyejua ashukie wapi, anafaidi jasho la mtu asiyeona.

Lepofsky huyuhuyu, akiwa bado kijana, mwaka 1980 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikijadili Hati ya Haki na Uhuru ya Kanada, akaomba ulemavu utajwe kwenye kifungu cha usawa. Haukuwamo katika rasimu. Yeye na wenzake wengi waliopigania jambo hilo wakafanikiwa, na kifungu hicho, cha 15, kikaanza kutumika mwaka 1985. Miaka 25 baadaye kikashikwa na mikono ya mwingine.

Huyo ni Donna Jodhan, mwanamke asiyeona, mzaliwa wa Trinidad, mkazi wa Toronto, msomi wa biashara mwenye shahada ya uzamili. Alijaribu kutumia tovuti za serikali kuu, pamoja na zile za kuombea kazi, na programu yake ya kusoma skrini ikakwama kama inavyokwama yangu. Hakutafuta jirani wa kumjazia fomu. Alikwenda Mahakama ya Shirikisho, na tarehe 29 Novemba 2010 jaji akaamua kwamba serikali ilikuwa imevunja haki yake ya usawa chini ya kifungu cha 15. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono kiini cha uamuzi ule. Naipenda sana kesi hii. Jodhan alitoka kisiwani akaja kwenye baridi hii, nami nimetoka kisiwani, na kile alichokidai ndicho ninachokitumia kila ninapojaza fomu ya serikali nikiwa peke yangu mezani.

Sisemi Toronto imemaliza kazi. Sheria ya Ontario ya mwaka 2005, ambayo Lepofsky alikuwa mbele kuipigania, iliahidi jimbo lisilo na vikwazo kwa watu wenye ulemavu ifikapo mwaka 2025. Tarehe imepita na vikwazo vipo. Kwetu nako maandishi hayakosekani: Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja wazi haki ya mtu mwenye ulemavu kutumia nukta nundu, yaani breli, na kufikia vifaa vinavyomsaidia. Nikisoma ibara ile namfikiria Jodhan, na nawaza ni mwanafunzi gani wa Kakamega au Malindi atakayekuwa wa kwanza kuipeleka mahakamani kwa sababu ya kitabu cha kiada.

3. Karatasi za ukaaji ndizo zinazolipia mashine

Hili ni fupi lakini linaumiza wengi. Mashine ya nukta nundu inayounganishwa na kompyuta inauzwa maelfu ya dola. Ontario ina mpango wa vifaa vya usaidizi unaolipa asilimia 75 ya bei, lakini lazima uwe na kadi ya afya ya jimbo. Mkopo wa serikali wa wanafunzi, na msaada wa ziada kwa mwanafunzi mwenye ulemavu unaoambatana nao, ni kwa raia, mkazi wa kudumu au mtu aliyekubaliwa kama mkimbizi. Mimi nilikuja na mume wangu tukiwa na ukaaji wa kudumu, basi milango hiyo ilikuwa wazi. Anayekuja kwa viza ya masomo asiitegemee. Yeye akiandikie chuo kabla ya kulipa ada, akiulize kwa maandishi kitagharimia nini, na asipande ndege kwa ahadi ya mdomo.

4. Jifunze njia kabla theluji haijaanguka

Nilikulia mji ambao unasikika na kunukia. Kibokoni, mtaani kwetu Mombasa, nilijua nimefika wapi kwa harufu ya mahamri, mwangwi wa ukuta, na mwadhini wa msikiti upi ameanza. Toronto kiangazi nako kunasomeka: upepo unaokatika ukipita jengo, mlango wa duka unaopumua baridi ya mashine, matairi yanayokuonyesha barabara ilikolalia.

Theluji mpya inafuta yote hayo. Inameza sauti, hata gari linakuwa karibu kabla hujalisikia. Inafunika ukingo wa njia na vile vibamba vyenye chunusi vilivyowekwa kwenye pembe ili mguu wako ujue unaingia barabarani. Magari ya kusukuma theluji yakishapita, pale penye pembe panabaki tuta la barafu, na unalipanda bila kujua ukishuka utakuwa umeelekea wapi. Fimbo yangu ina ncha ya kubingirika. Kwenye lami inateleza vizuri. Kwenye theluji inajaa, inakwama, na mpini unakuchoma tumboni. Siku hizo nabadilisha ncha, naweka iliyo pana zaidi.

Kwenye njia panda zenye taa za sauti, unabonyeza kitufe ukakishikilia kidogo, na zamu yako ikifika unasikia mlio wa ndege kukuu kwa anayekwenda kaskazini au kusini, na muziki mfupi kwa anayekwenda mashariki au magharibi. Tramu ndiyo inayonitia wasiwasi mpaka leo, kwa kuwa barabara nyingi inapita katikati. Mlango unafunguka, unashuka moja kwa moja kwenye njia ya magari, na unategemea dereva wa gari la nyuma awe amesimama kama sheria inavyomtaka.

Kwa hiyo mwezi Septemba na Oktoba, wakati wengine wanazoeana na masomo, mimi na mkufunzi wa mwendo tunatembea njia zote za muhula: kutoka kituoni hadi darasani, darasani hadi maktaba, na njia ya pili kama ya kwanza imefungwa na mafundi. Kozi ninazochagua zinategemea na hilo pia. Somo linaloanza mara lingine linapokwisha, lililo upande wa pili wa chuo, Januari siliandikishi hata kama mwalimu wake anasifika.

5. Usikubali kuambiwa hesabu si yako

Shahada yangu ya sera ya elimu ilikuwa na somo la lazima la takwimu. Mshauri mmoja wa masomo alinipa njia ya kulikwepa, kwa nia njema kabisa. Nilikataa. Mtu anayetaka kuzungumzia elimu ya watoto wa watu na hawezi kusoma jedwali, atakuwa anarudia maneno ya wengine maisha yake yote.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Mhadhiri alionyesha kidole ubaoni: "Kama mnavyoona, huu unapanda halafu unakatika hapa." Huu upi, hapa wapi? Nilimfuata mwalimu msaidizi, nikamwomba jambo moja, kwamba kila mchoro auanze kwa mihimili. Kipindi kilichofuata akaanza: "Mhimili wa chini ni miaka ya shule, sifuri hadi 16. Wa kusimama ni mshahara. Nukta zimesongamana kushoto chini, na kadiri unavyokwenda kulia zinapanda na kutawanyika." Baada ya darasa wanafunzi wenye macho walimwomba aendelee hivyohivyo, maana na wao walikuwa wakikodolea michoro bila kujua waangalie nini.

Programu tuliyotumia inaitwa R, na kwa asiyeona ni neema, kwa kuwa amri unaiandika kwa maneno na jibu linarudi kwa maneno. Jonathan Godfrey, mtaalamu wa takwimu asiyeona wa New Zealand, ameitengenezea nyongeza iitwayo BrailleR, inayokueleza mchoro kwa sentensi: una vipande vingapi, kirefu kipo wapi, kiasi gani.

Lakini kuna siku maneno hayakutosha, ofisi ya chuo ikanitengenezea michoro kwenye karatasi maalum ambayo mistari yake huvimba ikipitishwa kwenye joto. Ulikuwa mchoro ule wenye umbo la kengele. Niliweka kidole cha kushoto kwenye ncha moja na cha kulia kwenye ncha nyingine, nikavipandisha pamoja. Mwanzo mteremko ni mdogo mno, karibu tambarare, halafu unasimama ghafla, halafu unalegea karibu na juu, na vidole viwili vikagongana kileleni kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimekariri kwamba pande mbili zinalingana. Pale nililijua kwa mikono.

6. Masikio hayatoshi

Vijana wengi wasioona siku hizi wanaambiwa simu inasoma kila kitu, nukta nundu za nini? Sikubaliani, na nitalisema hili kwa nguvu. Anayesikiliza tu hajui jina linaandikwaje, koma imekaa wapi, aya imeanzia wapi. Nikitoa mada mbele ya watu, mkono wangu wa kushoto uko juu ya mashine ya nukta nundu, vijipini vyake vinapanda na kushuka chini ya vidole, nasoma dondoo zangu kimya huku uso wangu umewaelekea wasikilizaji. Sauti sikioni haiwezi kunipa hilo, kwa sababu haiwezekani kusikiliza sentensi moja na kutamka nyingine kwa utulivu.

Hata hivyo sauti naihitaji, na kwa Kiswahili naihitaji zaidi. Mama yangu huniandikia ujumbe kila asubuhi. Sauti ya Kiingereza ya simu ikiusoma, "mwanangu umeamkaje" inatoka imevunjikavunjika hata nisijue ni salamu au ni msiba. Suluhisho nililipata kwenye NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, akaungana naye mwenzake asiyeona, James Teh. Ndani yake mna sauti ya eSpeak inayotamka Kiswahili. Ni sauti kavu, ya mashine kabisa, lakini silabi zote ziko mahali pake, na kwayo nimesoma magazeti ya nyumbani na tasnifu za Dar es Salaam nikiwa chumbani Toronto.

7. Muulize mwenyewe

Katika hafla zetu sisi watu wa Afrika Mashariki hapa, mtu husimama mbele yangu akamuuliza mume wangu: "Shemeji atakunywa nini, chai au soda?" Mume wangu hujibu taratibu: "Muulize mwenyewe, dada." Hakuna ubaya uliokusudiwa, najua. Lakini kijana anayejibiwa kila siku na mtu mwingine atachaguliwa hata masomo.

Mama mmoja wa Bukavu alinijia baada ya harusi, mwanawe wa miaka minane macho yanafifia. Alikuwa anafunga na kuomba, na hakuwa amemwambia mwalimu wa shule. Alihofia mtoto angeondolewa darasani. Nilimwambia, mama, maombi usiyaache, lakini Jumatatu andika barua shuleni. Hapa Ontario kuna walimu wa wasioona wanaozunguka shule za kawaida, wanamfuata mtoto darasani kwake, wanamfundisha nukta nundu na kompyuta. Kuna pia shule ya bweni ya W. Ross Macdonald mjini Brantford, iliyofunguliwa mwaka 1872, kwa familia inayoona hiyo ndiyo inafaa. Na kuna CNIB, shirika lililoundwa mwaka 1918 wakati askari waliopofuka vitani walikuwa wanarudi, na watu wengi wa Halifax walikuwa wameumizwa macho na mlipuko wa Desemba 1917. Omba mkalimani wa Kiswahili, usimfanye mtoto awe mkalimani wa habari zake mwenyewe. Kisha nikainama nikamuuliza mtoto anapenda somo gani. Akajibu papo hapo, mpaka mama akashangaa: sayansi.

8. Taja unachotaka

Shuleni kwetu, asiyeona aliyefaulu alitajiwa kazi tatu nne: ualimu, uchungaji, sheria, upokeaji simu ofisini. Ni kazi za heshima, na walimu walionilea walikuwa miongoni mwa waliozifanya. Orodha ilikuwa fupi kwa sababu ilipimwa kwa vifaa vya wakati ule. Sasa hapa Kanada yupo Mahadeo Sukhai, asiyeona tangu kuzaliwa, aliyesomea Chuo Kikuu cha Toronto akawa mtaalamu wa jenetiki. Nairobi, Crystal Asige, naye asiyeona, aliingia Seneti mwaka 2022. Nikimpigia simu yule mtoto wa Bukavu humtajia Sukhai, na yeye huniuliza maswali ya maabara ambayo mimi siwezi kuyajibu.

Mimi nataka kufanya utafiti wa uzamivu. Nataka kujua, katika kaunti za Pwani ya Kenya, mtoto asiyeona wa darasa la nne anapata kitabu cha hesabu siku ngapi baada ya mwenzake anayeona, na kitabu kinakwama kwenye meza ya nani. Msimamizi wangu ameniuliza nitaanzia wapi. Nimemwambia Kilifi, kisha Kwale, na Mombasa iwe ya mwisho, kwa kuwa huko wananijua na wataona haya kunipa majibu mabaya.